Mbao haramu ni zipi? Sheria zinazoufuata mti hadi ng'ambo

Chukua mbao mbili za mninga, uziweke kando kando kwenye karakana ya seremala pale Keko, Dar es Salaam. Urefu ni ule ule, unene ni ule ule, na rangi ya kahawia yenye michirizi ni ile ile. Ubao wa kwanza umetoka kwenye msitu wa kijiji uliovunwa kwa kibali, mrabaha ukalipwa na gogo likagongwa nyundo. Wa pili umepasuliwa usiku ndani ya msitu wa hifadhi, ukafika mjini chini ya magunia ya mkaa. Seremala aliyeshika randa miaka arobaini hawezi kukuambia upi ni upi. Tofauti haimo kwenye ubao. Imo katika mambo yaliyotokea kabla ubao haujafika hapo, na katika karatasi zinazodai kuyaeleza mambo hayo.

Hili ndilo linaloifanya sheria ya mbao iwe ngumu kuliko ile ya pembe za ndovu. Pembe ikikutwa kwenye begi uwanja wa ndege, mwenye begi ana maswali ya kujibu papo hapo. Mbao ni bidhaa halali. Zinauzwa mchana kweupe, na kila nyumba ina meza. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni historia yake, na mara nyingi historia hiyo iko nchi nyingine, imeandikwa kwa lugha nyingine, ndani ya ofisi ya mtu asiyependa kuulizwa.

Dunia imejaribu kulitatua jambo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiorodhesha miti yenyewe. Ya pili ni kulifanya kosa lililotendwa msituni libaki kuwa kosa popote ubao utakapokwenda. Watu wengi huzichanganya, wakadhani mti usiokuwa kwenye orodha hauna shida. Sivyo kabisa.

Tuanze na orodha. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Una viambatisho vitatu. Cha kwanza ni cha viumbe vilivyo ukingoni mwa kutoweka, na biashara yake ya kimataifa imefungwa karibu kabisa. Mti wa Brazili uitwao Dalbergia nigra umo humo tangu 1992. Cha tatu ni cha nchi inayoomba wenzake waisaidie kulinda spishi yake. Shughuli kubwa iko kwenye cha pili. Huko biashara inaruhusiwa, ila shehena haitoki bila kibali, na kibali hakitolewi mpaka wataalamu wa nchi husika waseme kwamba kiasi kinachotoka hakitaidhuru spishi hiyo porini, na mamlaka yake iridhike kwamba mti ulipatikana kihalali.

Orodha hiyo imetugusa kuliko wengi wanavyofahamu. Mpingo uliingia Kiambatisho cha Pili Januari 2017, pamoja na karibu ukoo wote wa Dalbergia. Watengenezaji wa klarineti na oboe, ambao mpingo ndio roho ya kazi yao, walilalamika sana, na mkutano wa Geneva wa 2019 ukaziondoa ala za muziki zilizokwisha kamilika. Kisha mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaingiza Pterocarpus zote za Afrika, Afzelia zote za Afrika na Khaya zote za Afrika. Kwa majina ya sokoni ni mninga, mkurungu, mkongo na mkangazi, yaani zile mbao ambazo mtu anayejenga nyumba ya maana huulizia kwanza. Kitanda chako cha mninga hakina kesi: CITES haihusiki na biashara ya ndani ya nchi, na hata kwa mauzo ya nje uamuzi wa Panama unalenga magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia (mabamba membamba ya mbao) na plaiwudi, si samani iliyokwisha tengenezwa.

Udhaifu wa orodha ni kwamba hukimbizana na soko na soko huwa mbele. Viwanda vya samani za kifahari za China vinapenda mbao nyekundu nzito. Mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, Dalbergia cochinchinensis, ulipoadimika na kuingizwa Kiambatisho cha Pili mwaka 2013, wanunuzi hawakufunga biashara. Walihamia kwa ndugu zake wa mbali: Afrika Magharibi wakaukuta Pterocarpus erinaceus, Zambia na Kongo wakaukuta mukula, ambao kwetu ndio mkurungu. Mukula ulilindwa mwaka 2019, na kabla ya hapo ulikuwa umeshakatwa miaka kadhaa bila kizuizi chochote cha kimataifa. Kuingiza spishi kwenye orodha kunahitaji utafiti, pendekezo, mkutano na kura. Msumeno hauhitaji hata kimoja kati ya hivyo.

Njia ya pili ni kongwe kuliko CITES, na chanzo chake ni kofia. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa fasheni kwa wanawake wa Marekani na Ulaya kuvaa kofia zenye manyoya ya ndege, na wawindaji wakaua ndege kwa wingi wa kutisha kulisha soko hilo. Majimbo ya Marekani yalikuwa na sheria za kuwalinda ndege hao, lakini mwindaji aliua katika jimbo moja akauza katika jingine, ambako hakuwa amevunja sheria yoyote. Mbunge wa Iowa, John F. Lacey, akaja na dawa: kumvusha mpaka wa jimbo mnyama aliyepatikana kwa kuvunja sheria ya kule alikotoka iwe kosa la serikali kuu. Rais William McKinley akaitia saini tarehe 25 Mei 1900, na sheria hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la mbunge huyo.

Kwa zaidi ya miaka 100 Sheria ya Lacey ilihusu zaidi wanyama na samaki; mimea iliguswa kwa juu juu. Mei 2008 Bunge la Marekani likaipanua ikaihusu mimea ya dunia nzima, na mazao yake: mbao, karatasi, samani, gitaa, mpini wa jembe. Ikawa sheria ya kwanza duniani kuifanya biashara ya mbao zilizovunwa kinyume cha sheria ya nchi nyingine kuwa kosa.

Tazama ilivyotungwa. Marekani haikuandika sheria ya misitu ya ulimwengu. Ilikopa. Afisa wa Marekani hakwambii ukate mti namna gani kule Rufiji. Anauliza tu kama ulivunja sheria ya Tanzania ulipoukata. Wala si sheria yoyote ile. Dereva wa lori akipigwa faini kwa mwendo kasi, mbao haziharamiki. Makosa yanayohesabika yametajwa: kuiba mmea, kuuvuna ndani ya hifadhi, kuuvuna bila idhini au kwa kukiuka masharti yake, kutolipa mrabaha, kodi au ada inayotakiwa kwa mti ule, na kuvunja makatazo ya kusafirisha nje ya nchi. Kosa moja likitendwa mwanzoni mwa safari, kila atakayeuingiza mmea huo Marekani, kuusafirisha, kuupokea au kuununua katika biashara ya kuvuka mipaka anaingia hatarini, hata kama ubao umeshapitia nchi tatu na kugeuka sakafu.

Hatari hiyo ina ngazi. Aliyejua ana kosa kubwa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Asiyejua, lakini angejua kama angekuwa na uangalifu unaostahili, ana kosa dogo zaidi. Na hata yule ambaye hakujua na asingeweza kujua, mali yake yenyewe inaweza kutaifishwa. Ni kama mbuzi wa wizi: ulimlipia fedha halali mnadani, lakini hakuwa wako. Juu ya hayo kuna tamko la forodha. Mwagizaji lazima ataje jina la kisayansi la mti, nchi ulikovunwa, kiasi na thamani. Ni nchi ulikovunwa, si nchi ulikotengenezwa. Kiti kilichoundwa Vietnam kwa mti wa Kongo ni cha Kongo mbele ya fomu hiyo. Bidhaa zinazodaiwa tamko zimekuwa zikiongezwa kwa awamu, na awamu ya saba ilianza Desemba 2024.

Maneno "uangalifu unaostahili" hayakufafanuliwa kwa orodha ya hatua za kufuata, na wafanyabiashara wamelalamikia hilo tangu mwanzo. Kesi mbili zimesaidia kuyapa umbo.

Ya kwanza ni ya Gibson, watengenezaji wa gitaa wa Nashville. Maafisa wa serikali waliingia viwandani mwao Novemba 2009, wakarudi Agosti 2011. Mara ya kwanza walifuata mbao nyeusi kutoka Madagascar, za jamii ya Diospyros, ambazo ni ndugu wa mpingo wetu kwa rangi tu. Zilitumika kwenye shingo ya gitaa, pale vidole vinapobonyeza nyuzi. Madagascar ilikuwa imekataza mti huo kutoka nchini ukiwa haujamalizwa kutengenezwa. Kilichoiumiza kampuni ni kwamba mfanyakazi wake alikwenda Madagascar mwaka 2008, akaelezwa katazo hilo, akarudi na kuliandikia ripoti, na oda zikaendelea. Agosti 2012 Gibson iliingia makubaliano na Wizara ya Sheria: ililipa dola 300,000, ikatoa dola 50,000 kwa kazi za uhifadhi, na ikaachia mbao zilizokamatwa zenye thamani ya zaidi ya dola 260,000. Marekani kesi ile iligeuka siasa. Wengine waliona serikali inawawinda mafundi wa muziki kwa ajili ya sheria ya kisiwa ambacho hawawezi kukionyesha kwenye ramani. Kwa upande wa mbao za India, zilizochukuliwa mara ya pili, hoja yao ilikuwa na uzito: hapo ubishi ulikuwa juu ya kiwango cha ubao kumalizwa, na serikali ilikubali kuzirudisha. Kwa upande wa Madagascar sioni cha kutetea. Ripoti ilikuwa mezani.

Kesi ya pili ni nzito zaidi. Kampuni ya kuuza sakafu ya Lumber Liquidators ilikuwa ikinunua mbao zilizotengenezwa China kwa mialoni ya Mashariki ya Mbali ya Urusi, makazi ya chui wa Amur na simbamarara wa Siberia. Kwenye matamko iliandikwa miti mingine au nchi nyingine. Wachunguzi walipofuatilia vibali vya Urusi waligundua kwamba kuna kibali kilichotumika tena na tena, kiasi kwamba mbao zilizoingizwa na kampuni hiyo peke yake zilikipita kiwango halali cha uvunaji kwa zaidi ya asilimia 800. Kampuni ilikiri makosa mwaka 2015, na Februari 2016 ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 13 kwa jumla. Ilikuwa mara ya kwanza kwa hatia ya kosa kubwa la jinai kutolewa kwa kuingiza mbao haramu Marekani.

Ikumbuke asilimia hiyo 800. Kibali kilikuwa cha kweli, mihuri ni ya kweli. Uongo ulikuwa katika kukitumia.

Kukopa sheria ya wengine kuna hatari zake pia, na haki inadai zitajwe. Kabla mbao hazijaingizwa, Sheria ya Lacey iliwahi kutumika katika kesi ya kamba wa baharini kutoka Honduras. Miongoni mwa makosa yaliyodaiwa ni kuwafungasha kamba kwenye mifuko ya plastiki badala ya maboksi. Watuhumiwa walihukumiwa vifungo virefu, kisha Honduras yenyewe ikasema kanuni ile haikuwa halali. Mahakama ya rufani ya Marekani ilikataa kubadili msimamo mwaka 2003: ilisema hukumu haiwezi kuyumba kila serikali ya nje inapobadili kauli. Mtu anaweza kuielewa hoja ya mahakama na bado akakosa usingizi akiwaza miaka ile ya jela.

Na kuna pengo jingine, la bandari za kupitia. Baada ya mapinduzi ya Machi 2009 Madagascar, misitu ya kaskazini mashariki, zikiwemo hifadhi za taifa za Masoala na Marojejy, ilivamiwa kwa ajili ya miti ya Dalbergia. Mwaka 2014 Singapore ilizuia takriban magogo 30,000 kutoka Madagascar, zaidi ya tani 3,000. Magogo hayo hayakuwa na ruhusa ya CITES kutoka Singapore. Kesi ilipanda na kushuka mahakamani miaka mitano, huku kauli kutoka Antananarivo, mji mkuu wa Madagascar, kuhusu vibali zikipingana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Singapore iliwaachia washtakiwa. Iliona kwamba magogo yale yalikuwa yanapita tu, hayakuwa yameingizwa nchini kwa maana ya sheria ile. Tani 3,000 zinapita tu! Mwaka huo huo wa 2014 makontena ya magogo ya Madagascar yalikamatwa Mombasa yakielekea Asia, kwa hiyo tusiicheke Singapore. Mwaka uliofuata, kwenye kongamano la misitu la dunia mjini Durban, idara za misitu za Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagascar zilisaini Azimio la Zanzibar dhidi ya magendo ya mazao ya misitu, zikiahidi kupeana taarifa. Ni hatua nzuri, ila azimio si sheria, na hakuna anayeshtakiwa kwa kulikiuka.

Sasa turudi msituni, kwa sababu sheria inayokopa haiwezi kuwa imara kuliko ile iliyokopwa.

Tanzania ina Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002. Kwenye karatasi, safari ya gogo halali inaeleweka. Maombi hupitia kamati ya uvunaji ya wilaya. Leseni hutolewa ikitaja aina ya mti, ujazo na eneo. Mrabaha hulipwa kulingana na daraja la mti, na mti wa daraja la juu hulipiwa zaidi. Mti ukishaangushwa, afisa misitu hugonga nyundo kwenye gogo na kwenye kisiki. Ndipo inatolewa hati ya kusafirishia, ambayo kila dereva anaijua kwa jina la TP, na lori hukaguliwa kwenye mageti ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Magogo ghafi hayaruhusiwi kutoka nchini.

Yanayotokea kati ya hatua hizo ndiyo yaliyozaa ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa 2003, na kwa mara ya kwanza lori liliweza kwenda Kilwa na Lindi bila kusubiri kivuko. Daraja lile lilikuwa neema kwa watu wa kusini, na wafanyabiashara wa magogo nao waliliona hivyo hivyo. Ndani ya muda mfupi misitu ya pwani ya kusini ilikuwa inahamia bandarini. Ripoti ilieleza kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyopaswa kukusanywa yalipotea, kwamba hasara ya taifa ilikadiriwa kuwa dola milioni 58 kwa mwaka, na kwamba takwimu za forodha za China zilionyesha mbao za Tanzania mara kumi ya zile ambazo Tanzania ilisema imeuza huko.

Linganisha hilo na orodha ya makosa ya Sheria ya Lacey: kutolipa mrabaha limo. Shehena za namna hiyo, kama zingetia nanga Marekani baada ya 2008, zingekuwa haramu bila ubishi mrefu. Lakini zilikwenda China, ambayo wakati huo haikuwa na sheria ya kuzikataa. China ilirekebisha sheria yake ya misitu mwaka 2019, na tangu Julai 2020 ni kosa kununua, kusindika au kusafirisha mbao unazojua kuwa ni za haramu. Kifungu hicho hakikusema wazi kama kinazihusu mbao za kutoka nje.

Njia za kuusafisha ubao mchafu hazihitaji akili nyingi. TP moja hupitishwa safari kadhaa kabla muda wake haujaisha, na ndiyo asilimia 800 ya Urusi kwa kipimo chetu. Mti wa daraja la juu huandikwa jina la mti wa bei ya chini. Ujazo hupunguzwa kwenye hati. Gogo la hifadhi hubatizwa kuwa la ardhi ya kijiji. Katika nchi nyingi hata mnada wa serikali hutumika: mbao zilizokamatwa hununuliwa kihalali, kisha risiti ya mnada inakuwa mwavuli wa mbao nyingine ambazo hazikukamatwa. Mbele ya karatasi hizo, mwagizaji wa Hamburg au Baltimore anaona muhuri na sahihi. Ndiyo maana siungi mkono wale wanaosema sheria za ng'ambo ni kelele za wazungu, wala wale wanaozitegemea zitusaidie. Zinasoma tulichoandika sisi.

Na mzigo wa utekelezaji hauwaangukii watu sawasawa. Mwaka 2017 Zambia ilizuia malori ya Watanzania, yakihesabika kwa mamia, yaliyokuwa yamebeba mukula kutoka Kongo. Kwa madereva na wenye malori wale ilikuwa ni mzigo wa mteja, una karatasi za Kongo, unaelekea Dar es Salaam. Wakalala barabarani miezi huku wenye magogo wakiwa kwenye hoteli au nje kabisa ya Afrika. Mpasua mbao anayelipwa kwa ubao naye hukamatwa akiwa na chenso mkononi. Yule aliyemtuma hana hata vumbi la mbao kwenye viatu.

Mambo hayaishii kwenye mbao. Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, ni mti mdogo ambao mafuta yake huingia kwenye manukato. Mafuta yamejaa zaidi kwenye mizizi na shina la chini, kwa hiyo mti hauchukuliwi matawi, unang'olewa. Miti dume na jike ni tofauti, na wafanyabiashara huutaka jike kwa wingi wa mafuta yake. Msitu unabaki na madume ambayo hayazai. Kenya ilipiga marufuku uvunaji mwaka 2007. Magendo yakaelekea Uganda, ambako kibali kilipatikana kwa urahisi zaidi, na gogo la Samburu likatoka upande wa pili likiwa na uraia mpya. Hapo ndipo orodha ilipofaa kuliko sheria ya nchi moja: mwaka 2013 msandali wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Ethiopia uliingizwa Kiambatisho cha Pili kwa pamoja, usibaki mlango wa jirani ulio wazi.

Anayedhani kesi za mafuta ni za kinadharia atazame Young Living, kampuni ya Marekani ya mafuta ya kunukia. Mwaka 2017 ilikiri makosa yaliyohusu mafuta ya mti wa rosewood kutoka Peru na mafuta ya nardo kutoka Nepal, nardo ile ile ya kwenye Biblia. Malipo yake yote yalifikia dola 760,000. Kichupa kidogo cha mafuta hakionyeshi kisiki, ila mti ulikatwa mahali fulani, na mahali hapo pana sheria.

Wazungu wa Ulaya walikuja na kanuni yao ya mbao iliyoanza kutumika Machi 2013, ikimtaka mwagizaji wa kwanza athibitishe kwamba alichunguza chanzo. Sasa wameandika nyingine kali zaidi, ya mwaka 2023, inayohusu mbao, kahawa, kakao, soya, mpira, mawese na ng'ombe. Hii haitosheki na sheria ya nchi ya asili. Bidhaa iwe halali kwao ilikotoka, na pia isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, hata kama ufyekaji huo uliruhusiwa na serikali. Ilipaswa kuanza kutumika mwisho wa 2024, ikasogezwa mwaka mmoja, kisha ikasogezwa tena hadi mwisho wa 2026 baada ya malalamiko ya nchi zinazouza na ya wafanyabiashara wa Ulaya wenyewe.

Kitu kipya kilichomo ni kwamba mwagizaji lazima awasilishe majira ya nukta ya kipande cha ardhi, yaani latitudo na longitudo. Kipande kikizidi hekta 4, inatakiwa mipaka yake yote ichorwe. Muhuri hauwezi kujibu swali hilo. Picha ya setilaiti ndiyo itakayomkagua mwombaji.

Nani yuko tayari kwa hilo? Kampuni kubwa za misaji na misonobari, bila shaka, maana zina ramani za mashamba yao. Lakini wapo na wengine ambao hawatajwi sana. Kilwa, kwa msaada wa shirika la kuhifadhi mpingo lenye makao yake huko huko, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, misitu ya asili ya kwanza Afrika inayosimamiwa na jamii kufikia hatua hiyo. Chini ya Sheria ya Misitu, kijiji kilichotangaza msitu wake wa hifadhi hupanga bei ya mti wake, hutoa idhini na hubaki na mapato. Na msitu wa namna hiyo hautangazwi mpaka mipaka yake ipimwe na kuchorwa. Ramani ipo ofisini kwa kijiji, na miti yake imehesabiwa. Asiyekuwa na ramani ni mwenye leseni ya kuvuna kwenye ardhi ya jumla, ambaye karatasi yake inataja wilaya na ujazo, na ambaye hadi leo ndiye anayeleta sehemu kubwa ya mninga unaouzwa Keko.